LUT sio ya kuanza nayo, niulizeni mimi

Mwaka wangu wa kwanza kuedit video za harusi nilikuwa na tabia moja mbaya, klipu ikishaingia tu DaVinci Resolve (programu ya kuedit na kurekebisha rangi za video) naitupia LUT, yaani faili la kubadili rangi kwa mkupuo, la kutoa logi (ile picha iliyofifia ya kamera) kwenda Rec.709 (rangi za kawaida za TV), halafu ndo naanza kuhangaika na mwanga kwenye nodi za mbele (nodi ni hatua moja ya marekebisho, zinafuatana), na kwa vile picha inapendeza palepale basi unajiona fundi kweli. Sasa kuna harusi moja mama wa bibi harusi kaja kuangalia kazi, kakaa kimya weee, mwisho akaniambia, "Mwanangu, lesi ya gauni umeipeleka wapi?" Na kweli gauni lilikuwa shuka, jeupe pee. Nikashusha mwanga, weupe ukawa kijivu, lesi haikuonekana.

Kumbe kamera haina kosa. LUT ina kikomo chake, mwanga ukizidi pale inakata, na nodi inayofuata inapokea kilichobaki tu. Nikaongeza nodi KABLA ya LUT, nikashusha mwanga hapo, lesi ikarudi hadi vile viua vya mkononi.

Toka hapo naanza na mwanga na kontrasti, naangalia wevufomu, ile grafu ya mwanga wa picha, maana macho yanazoea haraka (skeli ya Resolve inaishia 1023, gauni nalibakiza kwenye 900 hivi). Kisha waiti balansi (cheupe kionekane cheupe kweli), ndo LUT inafuata. Kama klipu ina chenga, kuzitoa kunatangulia vyote, ila hiyo ipo Resolve Studio, ile ya kulipia, na kompyuta yako italia.

Ngozi usiiguse kabla rangi haijakaa sawa, hasa ukumbi wenye taa za zambarau, utachagua uso wa bwana harusi kwa rangi yake klipu hii, klipu ya pili uchaguzi umeshika pazia. Kwenye vektaskopu (grafu ya rangi) kuna mstari wa ngozi kati ya nyekundu na njano, mweusi na mweupe wote wanaangukia karibu na hapo, tofauti yao kubwa ni mwanga. Kwa hiyo usimpake mtu poda kwenye kompyuta jamani, hata akiomba shangazi yake.

Ule muonekano wa kisinema unakuja mwisho, nodi yake peke yake. Mteja akipiga simu saa nne usiku "punguza hiyo njano", nashusha nguvu ya nodi moja narudi kulala.