Meneja wa bidhaa kwenye timu ya akili mnemba anafanya nini hasa?

Mkuu, umeuliza: kama timu ina mainjinia na wataalamu wa data, meneja wa bidhaa wa nini tena? Nitajibu kwa mfano mmoja, roboti ya kujibu meseji za wateja wa pesa za simu, maana kazi yake inaonekana vizuri pale ambapo kosa linamgharimu mtu hela.

Modeli, yaani programu iliyojifunza kutokana na data na ndiyo inayoendesha roboti hiyo, hukosea kila siku, hata ile nzuri. Kwa hiyo kabla kazi haijaanza lazima mtu aamue makosa gani yanavumilika na yapi hayavumiliki. Mtu huyo ni meneja. Injinia hawezi kumwamulia, kwa sababu jibu halimo kwenye data. Limo kwenye biashara, sheria na hali ya mteja.

Chukua hesabu hii. Tuseme zinaingia meseji 10,000 kwa siku, na 100 kati yake ni za watu walioibiwa, ambazo modeli inatakiwa izitambue na kuzipeleka kwa wahudumu. Modeli inayosema "hakuna wizi" kwa kila meseji itapatia asilimia 99, na haina faida yoyote. Ukiletewa ripoti yenye takwimu hiyo peke yake, irudishe. Uliza mambo mawili: kati ya zile 100 imekamata ngapi, na kati ya ilizozikamata ngapi ni wizi kweli. Ikipata 90, halafu ikasingizia asilimia 2 ya zile 9,900 nyingine, hizo ni 198. Wahudumu wanapokea kesi 288, na za kweli hazifiki theluthi. Kila kesi ikichukua dakika 6, ni karibu saa 29 za kazi, yaani wahudumu wanne wa zamu ya saa 8. Wapo? Kama hawapo, ama unapandisha kizingiti (kiwango cha uhakika ambacho modeli lazima ifikie kabla ya kusema ni wizi) na kukubali kuwakosa baadhi ya walioibiwa, ama unaomba bajeti ya watu. Uamuzi huo ni wa meneja, na auweke kwa maandishi.

Kinachofuata ni seti ya majaribio, yaani meseji za kuipimia modeli, na hapa timu nyingi hulala. Kusanya meseji halisi kama 500, futa majina na namba za simu, kisha watu wawili waziwekee lebo (wizi au si wizi), kila mmoja peke yake. Wakitofautiana sana, chunguza kwanza mwongozo uliowapa. Usizichukue kwa kubahatisha tu: meseji 500 za namna hiyo zitakupa za wizi kama 5, na kwa 5 hupimi kitu. Ongeza za wizi makusudi zifike 100, uzipime kando. Na seti hii isitumike kabisa kuifundishia modeli, la sivyo unapima kukariri.

Meseji ziwe kama watu wanavyoandika: "nmekosea nmba ela imeenda kwa mtu mwngn". "Nimetuma" na "nimetumiwa" zinakaribiana sana, ila mmoja katoa hela na mwingine kapokea. Halafu kuna saa. Mteja akiandika "jana saa 2 usiku" anamaanisha 20:00. Modeli iliyolishwa Kiingereza zaidi inaweza kusoma 02:00, ikatafuta muamala usiku wa manane, isiuone, ikamjibu "hakuna muamala huo". Mtu kapoteza hela na anaambiwa hajatuma! Saa peke yake inastahili meseji 50 za majaribio.

Upande wa sheria, Februari 2024 baraza la British Columbia, Kanada, liliiwajibisha Air Canada kwa maelezo yasiyo sahihi ambayo roboti ya tovuti yake ilimpa abiria kuhusu nauli ya msiba (nauli nafuu kwa aliyefiwa). Kwa hiyo ahadi yoyote ya hela, iwe ada au kurudishiwa, itoke kwenye maandishi yaliyoidhinishwa, modeli isiitunge. Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamlinda mtu dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kufunga akaunti ya mteja kupitie kwa binadamu.

Kuzindua ni hatua kwa hatua: wiki mbili modeli inajibu kivulini bila mteja kuona, kisha asilimia 5 ya wateja, na meneja awe na swichi ya kuizima bila kumsubiri injinia. Baada ya hapo kila wiki soma mazungumzo 200 mwenyewe, maana matapeli hubadilisha maneno na modeli haitakuambia kwamba imepitwa. Kama modeli mmenunua kwa kampuni ya nje, toleo jipya likitoka usiliruhusu kwa wateja mpaka lipite seti yote upya, hata kama muuzaji anasema ni bora zaidi. Linaweza kuwa bora kwa Kiingereza na likaharibu zile za saa.