Begi la Kuvulia Trauti: Usihesabu Mifuko

Begi langu la kwanza la kuvulia lilikuwa na mifuko kumi na minne. Niliihesabu dukani mmoja mmoja, nikalipa nikijiona mjanja. Siku ya tatu nilikuwa katikati ya Mto Gura, maji yakinipiga mapajani, nzi bandia (ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) nimembana kwa midomo, nikifungua zipu hii na kufunga ile nikitafuta mkasi. Mzee aliyenifundisha kuvua alikuwa ameketi juu ya jiwe ng'ambo ya pili, ananitazama tu.

"Kijana," akaniuliza, "hilo begi umelivaa ama limekuvaa?"

Tangu siku hiyo nimepitia mabegi manne. Mtu akiniuliza anunue lipi, namuuliza kwanza anavua wapi, na akifika mtoni maji yanamfika wapi.

Mimi navua milimani: Gura na Chania kule Aberdare, mara mojamoja Thiba upande wa Kirinyaga. Trauti si samaki wa asili wa huku. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndiye aliyewaingiza Gura mwaka 1905, na walipoyaonja maji baridi yanayokwenda mbio, wakakaa. Kwa hiyo kumfuata trauti ni kuteremka bonde lenye mianzi, mara nyingine kwa makalio, kisha kuvuka mto wenye mawe yanayoteleza kama sabuni. Anayevua akiwa ndani ya boti Naivasha anaweza kubeba hata ndoo. Sisi wa mabondeni kila kilo tunaijua kwa jina.

Begi la kifuani ndilo linalovutia wengi, maana kila kitu kiko chini ya kidevu. Nililipenda pia, mpaka siku nilipokuwa nateremka. Likijaa, huoni miguu yako. Nilikanyaga mzizi nisiouona, nikaamkia mita tatu chini, goti limechubuka na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, tuliyekuwa naye anajikaza asicheke. Ukilitaka la kifuani, liwe jembamba, unene wa kitabu hivi, basi.

La kiunoni halichoshi mabega, na unaweza kulizungusha mgongoni ukiwa unarusha mshipi wa kuvulia, ukalirudisha mbele ukitaka kubadilisha nzi. Kasoro yake ni moja, lakini ni kubwa: maji yakikufika kiunoni, nalo linakunywa. Langu lilikunywa Chania. Nilirudi nyumbani nimechoka, nikalitupa nyuma ya mlango. Baada ya wiki moja nikafungua kiboksi cha nzi: kila ndoana imeota kutu, na kutu imepanda mpaka kwenye manyoya, nzi weupe wamekuwa rangi ya chai. Nzi karibu arobaini, waliofungwa kwa mkono hapa hapa Kenya. Nzi wetu huuzwa mpaka Ulaya na Marekani, nami nimewaua nyuma ya mlango.

La kuvaa begani upande mmoja ni zuri kwa safari fupi. Angalia tu mkanda unakaa bega gani, maana mengi yameshonwa kwa upande mmoja na hayageuziki. Mkanda ukae kwenye bega lisilorusha mshipi. Ukilivaa kwa muda wa saa nne, shingo itakudai.

Mimi siku hizi natumia mawili. Mgongoni begi dogo la lita 20 hivi: sweta, koti la mvua, chakula, maji. Kiunoni kimfuko cha kiboksi kimoja cha nzi, nyuzi nyembamba, kikata kucha na koleo ndogo. Nikivuka penye kina, kile cha kiunoni nakivaa shingoni. Si jambo la kupigia picha, lakini nzi wanabaki wakavu.

Tukija kwenye maji, hapo ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Kuna begi linalovumilia manyunyu na kuna begi lisilopitisha maji hata likizama. La pili zipu yake ni ngumu, inataka kupakwa mafuta mara kwa mara, na bei yake inauma. La kwanza linatosha ukiweka vitu ndani ya mfuko wa turubai laini, ule wa kukunja mdomo na kufunga kwa klipu. Zamani tulitumia karatasi za supamaketi, lakini mifuko hiyo ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017. Na tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutupa haziingii katika mbuga zetu, kwa hiyo utabeba chupa ya bati. Nenda nayo dukani ujaribu kama inaingia kwenye mfuko wa pembeni. Mimi sikwenda nayo, na sasa yangu inakaa ndani ikigonga kiboksi.

Peleka pia bomba la kubebea ufito wa kuvulia. Ufito wa futi 9 unaogawanyika mara nne unakaa kwenye bomba la sentimita 75 hadi 80. Ukilifunga ubavuni mwa begi likapita kichwa chako, kila mwanzi utakushika na kukurudisha nyuma kama mtu anayekudai. Tafuta begi lenye kamba za kulishusha chini.

Kisha, papo hapo dukani, vaa begi lenye vitu ndani, chuchumaa kama unayemrudisha samaki majini, fumba macho ufungue zipu kwa mkono mmoja. Mwenye duka atakushangaa. Mwache ashangae.

Ukinunua mtumba, masoko ya Nairobi kama Gikomba au Toi, usidharau begi la kawaida la kupandia mlima. Vuta mikanda kwa nguvu pale iliposhonewa, kisha lijaze nguo ndipo uvute zipu. Zipu ya begi tupu haijawahi kumkatalia mtu. Rangi iwe ya majani au udongo. Trauti wa maji maangavu anaona vizuri kuliko unavyodhani.

Na ukifika nyumbani, hata kama ni saa nne za usiku na mama watoto amenuna, toa kila kitu, ligeuze begi ndani nje, litundike. Kiboksi cha nzi kiache wazi juu ya meza mpaka asubuhi, mbali na watoto.