Hakuna dawa ya kuchovya inayotoa virusi kwenye lili

Swali: Habari ya kazi mwalimu. Niko Kasarani. Lili yangu ya machungwa yenye madoa imetoa vitu vyeusi kwenye makwapa ya majani na nataka kuvipanda, lakini majani yana michirizi ya njano na mengine yamejikunja. Muuza miche ameniuzia dawa ya kuchovya, anasema inatoa virusi. Nichovye kwa muda gani?

Jibu: Dada, usichovye na usipande. Hili swali linanifikia kila mvua zikikaribia na kusema kweli hao watu wa chupa wamenichosha. Mtu akiona kitu cheusi kigumu anadhani ni mbegu, basi itaanza upya ikiwa safi. Si mbegu hiyo, ni kitunguu kidogo, ni kipande cha mama yake, na chochote kilicho ndani ya shina kimo humo pia. Dawa inaweza kuua fangasi wa juu juu lakini virusi viko ndani ya seli, hapo kuchovya hakufiki hata ukilaza usiku kucha. Kusafisha mmea ni kazi ya maabara, wanatumia joto halafu wanakuza kipande kidogo sana cha ncha changa.

Tena hii lili ya madoa inadanganya sana, mara nyingi ina virusi na inachanua vizuri tu, wadudu vidukari wanafyonza utomvu hapo wanapeleka kwa lili zingine na hizo ndizo zinaumia. Yako imeshaonyesha dalili, mimi ningeing'oa na kitunguu chake, niokote na vile vyeusi vilivyoanguka maana vitaota, nichome vyote, visiende kwenye mboji.

Ukipata mmea mama wenye afya, ngoja vile vyeusi vitoke kwa kuguswa tu, fukia sentimita 2 au 3 kwenye mchanga usiotuamisha maji, maua subiri miaka 2 au 3.

Na hawa wauza dawa hawaishii kwa maua. Wanawauzia wakulima dawa za aina hiyo wachovye mbegu za viazi, marando, vipando vya mihogo, na mtu anapanda shamba zima akijua amekingwa, kumbe ukikata kipando kwenye muhogo wenye batobato, yaani ugonjwa wa virusi wa majani ya muhogo, umepanda batobato, na inzi weupe wanamalizia kwa jirani. Kipando chukua kwa mmea wenye afya. Hiyo chupa mrudishie, udai pesa yako.