Stenlesi kuwa nyeusi ndani ya bomba (uchomeleaji wa TIG, yaani wa umeme na gesi ya kulinda mshono)

Umesema bomba ni la stenlesi aina ya 304, inchi 2: nje mshono unang'aa, ndani umetoka mweusi, una chengachenga. Hiyo ni oksijeni. Gesi ya tochi hailindi upande wa ndani, hata uifungue hadi lita 20 kwa dakika. Ukizidisha inavurugika na kuvuta hewa.

Ziba ncha zote mbili, funika na uwazi wa jointi kwa tepu ya alumini. Agoni (gesi ya kulinda mshono) ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo iingize kwa chini, na juu acha tundu dogo la kutokea. Bila tundu, presha itakupulizia chuma kilichoyeyuka nje pale unapofunga mduara. Mita 1 ya bomba hilo ina kama lita 2 za hewa: lita 10 kwa dakika, dakika 2, ndipo uwashe. Kisha shusha hadi lita 5, ubandue tepu kidogokidogo unavyosonga. Waya wa kujazia uwe ER308L, umeme uwe DC (mkondo mnyoofu), tochi kwenye hasi.

Wengi huzima gesi ya ndani baada ya mshono wa kwanza. Usizime! Wa pili nao huchoma ndani.