Waulize Mafundi: Je, injini ya stroka hudumu?

SWALI: Nina 2JZ-GTE, injini ya Toyota yenye turbo, ya lita 3.0. Nataka kuifanya stroka, yaani injini ambayo pistoni husafiri mbali zaidi, ifike lita 3.4 kwa krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya kuisafirisha pistoni milimita 94 na silinda zilizochongwa hadi kipenyo cha milimita 87. Gari ni la barabarani, mara mojamoja naliingiza kwenye mbio. Wenzangu wananiambia stroka hufa mapema. Ni kweli?

JIBU: Hufa mapema ikiendeshwa kama vile bado ni lita 3.0. Krenkishafti ya kiwandani huisafirisha pistoni milimita 86, yako itaisafirisha 94. Kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika, kasi ya wastani ya pistoni hupanda kutoka mita 21.5 hadi 23.5 kwa sekunde. Kasi hiyo injini huivumilia. Kinachoua ni mvuto wa pistoni inapofika juu na kulazimishwa kurudi chini. Kwa konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti) ya milimita 142 na pistoni ya uzito uleule, mvuto huo huongezeka takriban asilimia 12, na wabebaji wake ni boliti za konrodi. Weka kikomo cha mizunguko 7,100 na mvuto utarudi ulipokuwa zamani. Hutajutia, kwa kuwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya stroka huja mapema na turbo huamka mapema.

Jambo la pili ni pistoni. Bloku haikurefuka, kwa hiyo pini ya pistoni lazima ipande milimita 4. Ringi zinabanana juu, na kwenye baadhi ya pistoni mfereji wa ringi ya oili hukata tundu la pini. Hapo usisahau bamba jembamba la kuishikilia ringi hiyo kwa chini, la sivyo injini itakula oili tangu siku ya kwanza. Chini nako pistoni hutokeza nje ya silinda milimita 4 zaidi, ikawa inayumba na kugonga ukuta. Nunua pistoni iliyobuniwa kwa krenkishafti hiyo hiyo. Angalia pia bakuli la juu ya pistoni: ujazo wa chumba cha mwako ukibaki ulivyo, uwiano wa mgandamizo wa 8.5 kwa 1 hufika karibu 9.4 kwa 1, na turbo ikianza kusukuma, injini itanoki, yaani mafuta yatalipuka ovyo ndani ya silinda.

SWALI: Nipime nini kabla ya kufunga moja kwa moja?

JIBU: Funga kwanza bila ringi, kisha zungusha krenki kwa mkono polepole, silinda moja baada ya nyingine. Pitisha waya wa milimita 1.5 kati ya boliti ya konrodi na ukingo wa chini wa silinda, halafu kati ya uzito wa krenki na sketi (sehemu ya chini) ya pistoni. Waya usipopita, chonga bloku, lainisha kona, kisha osha mpaka kwenye njia zote za oili. Tunalisisitiza hili kwa sababu unga wa chuma uliobaki humaliza beringi ndani ya saa chache, na lawama huangukia krenkishafti isiyo na kosa.

Nafasi ya oili kwenye beringi ianzie sehemu 1 kwa 1,000 ya kipenyo: shingo ya krenki ya milimita 52 ipate milimita 0.05. Pima kwa maikromita na geji ya tundu, boliti zikiwa zimekazwa kabisa. Boliti za konrodi zikaze kwa kupima mrefuko (kiasi boliti inachorefuka ikikazwa) aliouagiza mtengenezaji, na andika urefu wa kila moja ikiwa mpya. Ukiifungua baadaye ukakuta imezidi urefu huo kwa milimita 0.025, itupe.

SWALI: Niliondoa puli ya krenki yenye raba nikaweka ya alumini nyepesi. Gia ya pampu ya oili imepasuka. Kuna uhusiano?

JIBU: Uhusiano upo, tena wa karibu. Krenkishafti ya silinda 6 za mstari mmoja ni ndefu na hujisokota kila silinda inapowaka. Raba ya puli ndiyo iliyokuwa ikimeza mtikisiko huo. Ilipoondoka, ukaishia kwenye pampu, ambayo huzungushwa na pua ya krenki yenyewe. Rudisha puli ya kuzuia mtikisiko inayofaa krenki yako, weka gia za pampu za chuma kilichochongwa, na usiwashe injini kabla ya kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kutazama beringi zote. Ikiwa shaba ya ndani ya beringi imeanza kuonekana, krenki itoke ipimwe.