Bampa za kitanda cha mtoto: tuziweke au tuzitoe?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Binti yetu ana miezi mitano na ameanza kujipindua. Usiku hugonga kichwa kwenye fito za kitanda chake, na juzi tulimkuta analia, mguu umenasa katikati ya fito mbili. Shangazi yake ametushonea bampa nene za pamba za kuzungushia kitanda chote, zinafungwa kwa kamba. Mke wangu hataki ziwekwe, anasema amesikia ni hatari. Mimi naona hatari ni kuziacha fito wazi. Nani kati yetu yuko sahihi? Na zile za neti zinazouzwa madukani, je? – Baba Nuru

JIBU: Baba Nuru, mke wako ndiye aliye sahihi. Kama bampa zimeshafungwa, nenda kazifungue kwanza, halafu urudi tuendelee.

Naelewa kwa nini unaona vingine. Mzazi akitazama mbao ngumu upande huu na mto laini upande ule, moyo unakwenda kwenye mto. Ila kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na zaidi katika miezi sita ya mwanzo, kitu kigumu humuumiza kidogo, akalia, mkasikia. Kitu laini kikimziba pua, hasikiki.

Chukua usiku mmoja wa kawaida. Mtoto amejipindua, amesogea hadi pembeni, uso umeegemea bampa. Pua yake ni ndogo na laini, haihitaji kukandamizwa sana ili izibe. Na hata isipoziba, kile kitambaa chenye pamba ndani kinazuia hewa aliyoitoa isitawanyike, kwa hiyo anaivuta hiyo hiyo tena na tena, kabonidayoksaidi ikiongezeka na oksijeni ikipungua. Mimi na wewe tukifikwa na hali hiyo usingizini tutagutuka na kugeuza kichwa. Kwa mtoto mchanga uwezo huo wa kugutuka haujakomaa. Isitoshe, mtoto wa umri wa Nuru mara nyingi anaweza kujipindua kwenda upande mmoja na asijue kurudi, kwa hiyo alipofikia ndipo anapobaki.

Hiyo ni njia ya kwanza ambayo bampa inaweza kumuua mtoto. Ya pili ni kubanwa: mtoto anateleza katikati ya bampa na godoro, au katikati ya bampa na kitu kingine kilichoachwa kitandani. Ya tatu ni zile kamba za kufungia, ambazo zikilegea huweza kumzunguka shingoni. Mwaka 2007 daktari wa watoto wa Marekani, Bradley Thach, na wenzake walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za Marekani za kati ya 1985 na 2005. Walikuta vifo 27 vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka miwili vilivyohusishwa na bampa. Kati ya hao, 11 yaelekea walikosa hewa uso ukiwa kwenye bampa, 13 walibanwa kati ya bampa na kitu kingine, na 3 walinyongwa na kamba. Uchunguzi mwingine uliofikia kumbukumbu za 2012 ulihesabu vifo 48.

Utaniambia idadi hiyo ni ndogo kwa nchi kubwa kama ile. Ni kweli. Lakini tazama tunalinganisha na nini. Fito zikiachwa wazi, madhara ya kawaida ni uvimbe, michubuko, alama nyekundu mguuni, na kilio cha saa nane za usiku. Mtoto wa miezi mitano anayejipindua kitandani hana uzito wala kasi ya kujivunja kichwa kwenye ufito. Wapo hata wanaojigongesha kwa makusudi, kwa mdundo, ili wajibembeleze walale. Tabia hiyo huwaogopesha wazazi kuliko inavyomdhuru mtoto, na wengi huiacha wenyewe kadiri wanavyokua. Kama anajigonga pia mchana akiwa macho, au unaona hakui kama inavyotarajiwa, hapo mlete aangaliwe.

Bampa zenyewe zilikuwa na sababu yake zamani. Vitanda vingi vilikuwa na fito zilizoachana sana, mwili wa mtoto ukapenya na kichwa kikabaki ndani, na hapo mto wa kuziba ulikuwa na maana. Marekani ikaweka kanuni mwaka 1973 kwamba nafasi kati ya fito isizidi kama sentimita 6. Vitanda vikarekebishwa, tatizo likaondoka, bampa zikabaki kama pambo. Chama cha Madaktari wa Watoto cha nchi hiyo kilizikataa katika mwongozo wake wa mwaka 2011, na Mei 2022 ikatiwa saini sheria ya nchi nzima inayopiga marufuku kuzitengeneza na kuziuza.

Sasa huo mguu. Hapa ndipo kazi yenu ilipo, kwa sababu tatizo mliloliona ni la kweli hata kama dawa yake si bampa.

Chukua rula upime nafasi kati ya ufito na ufito, katikati ya urefu wake na si kwenye ncha, huku ukizisukuma kidogo kwa vidole maana mbao huachia. Nafasi ikizidi sentimita 6, kitanda hicho hakifai, na bampa haikigeuzi kuwa salama. Kama huna rula, jaribu kupitisha kopo la soda lililosimama. Likipenya, nafasi ni kubwa mno. Ukimaliza, shika kila ufito uutikise. Uliolegea au kuvunjika ni hatari kuliko nafasi yenyewe. Angalia na godoro: likiachana na ubavu wa kitanda kiasi cha kuingiza vidole viwili, ni dogo kwa kitanda hicho. Msijaze pengo hilo kwa nguo au taulo, tafuteni godoro linaloenea, gumu kiasi, na shuka moja iliyobana pembe zote. Basi. Mto, blanketi na mwanasesere visubiri.

Vipimo vikiwa sawa, mguu utanasa mara mojamoja na hakuna la kufanya ila kuutoa. Usiuvute, kwa sababu kuvuta hulitanua goti likazidi kunasa. Mkunje goti taratibu, usukume paja kuelekea upande lilikopitia, na ukihitaji utelezi tone la mafuta ya mtoto linatosha. Alama nyekundu huisha baada ya muda mfupi. Ikiwa mguu umevimba, umebadilika rangi, au hataki kuuchezesha hata baada ya kutulia, nendeni hospitali.

Kuhusu neti: sheria ya Marekani haikuzigusa zile nyepesi zisizo na pamba, kwa kuwa hewa inapita. Kwa maoni yangu hazihitajiki. Zina kamba au vibandiko vinavyolegea kama nyingine zote, wale madaktari wa watoto hawazipendekezi nazo, na mtoto akianza kusimama chochote kilichofungwa ubavuni anakikanyaga ili apande. Hilo la kupanda ndilo linalowashinda hata wanaosema watazifunga bampa mtoto akishafika mwaka na hatari ya kukosa hewa imepungua. Wakati huo bampa inakuwa ngazi.

Na kwa kuwa ameshaanza kujipindua, kama bado mnamfunga kwa kanga au kitambaa wakati wa kulala, acheni kuanzia leo, maana akipinduka mikono ikiwa imefungwa hawezi kujisaidia. Mlazeni chali kila mara. Akijipindua mwenyewe kwenda tumboni na anajua kurudi, si lazima muamke kumgeuza. Kama hajajua kurudi, mgeuzeni mkimkuta hivyo. Akianza kukaa, shusheni godoro hatua moja. Akianza kujishikilia asimame, lishusheni hadi chini kabisa.

Najua kwamba kumwambia shangazi ni kazi kuliko kufungua kamba. Mwambieni daktari amekataa, lawama nibebe mimi. Kama cherehani iko mezani bado, mwombeni amshonee mtoto nguo ya kulalia isiyo na mikono, iliyozibwa miguuni lakini pana kiasi cha miguu kucheza. Shingo na makwapa yamkae vizuri, kichwa kisiweze kupenya kuingia ndani, na asiweke kofia wala kamba yoyote. Nguo hiyo inachukua nafasi ya blanketi, na miguu ikiwa ndani ya kitambaa kimoja si rahisi mmoja upenye katikati ya fito. Kitambaa kiwe chepesi kulingana na joto la chumba. Mkitaka kujua kama kimezidi, gusa kifua chake au nyuma ya shingo: ukikuta jasho, amevikwa kupita kiasi.