Jibu: Mama wa miaka 67 anadaiwa hela dirishani

Habari ndugu, pole kwa kuuguza. Umesema keshia anataka hela ndipo mama apimwe. Usibishane naye, msamaha wa kulipia matibabu hautoki kwake. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini.

Kwanza kagua karatasi. Hapa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu uzee kuanzia miaka 60, lakini matibabu ya bure ni kwa mzee asiye na uwezo, kwa hiyo umri peke yake hautoshi. Mimi na baba tulirudishwa hadi Mbagala kwa sababu barua ya serikali ya mtaa ya kuthibitisha kuwa hana uwezo haikuwa na muhuri. Masaa manne alikaa kwenye benchi, kakumbatia bahasha ya eksirei. Iliniuma sana.

Beba barua yenye muhuri, kitambulisho cha taifa (NIDA) na rufaa ya kituo mlichoanzia.